Moto Uliunguza Nyumba, Mdomo Wangu Ukamalizia

Mtu mwingine akiniambia "vitu vinatafutwa", nitamjibu vibaya. Wawili nimeshawajibu vibaya, mmoja wao mzee wa kanisa, na radhi sijaomba. Najua wanachomaanisha. Wanamaanisha hakuna aliyekufa, mimi mzima, binti yangu mzima, tumshukuru Mungu. Nimemshukuru, tena kwa machozi. Lakini hivyo vitu vinatafutwa wapi? Nionyesheni, niende hata kwa miguu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tunduma, mjane, miaka hamsini naiona ile pale, na kila nilichokuwa nacho nilikitafuta kwa miaka ishirini nikiwa na nguvu na mume. Leo nguvu zimepungua na mume hayupo.

Nianze na pasi, maana kosa la kwanza ni langu na sitaki mtu anisaidie kulibeba.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Kwaya yetu ilikuwa inavaa sare mpya, zote nimeshona mimi, na yangu ndiyo niliyoimaliza mwisho, kama ilivyo kawaida ya mafundi. Binti yangu alikuwa ametangulia kanisani. Nikawa nanyoosha kola kwenye meza ya kukatia, mara umeme ukakatika. Kwetu umeme kukatika si habari. Nikasonya, nikavaa gauni lenye kola iliyonyooka upande mmoja, nikaiacha pasi imelala palepale juu ya mabaki ya vitambaa. Sikuichomoa. Umeme haupo, nichomoe nini? Na mwaka mzima nilikuwa namfokea binti yangu kwa kosa hilohilo, mpaka majirani wanasikia.

Ibada ilianza spika zikiwa kimya. Mchungaji alihubiri kwa koo lake, nasi tukaimba kwa makoo yetu. Katikati ya mahubiri taa zikawaka, spika zikakoroma, kinanda kikalia chenyewe, na kanisa zima likashangilia. Nami nikapiga kigelegele. Kigelegele changu si cha mchezo. Mchungaji alicheka, akasema kweli Bwana amejibu. Nikikumbuka hapo, mpaka leo natamani kujizaba kofi.

Hazikupita dakika nyingi, jirani yangu muuza mkaa akatokea mlangoni, peku, kanga yake imejaa vumbi la mkaa. Hakuingia. Alitutazama safu kwa safu, aliponiona akaniita kwa mkono. Sijui nilijuaje, ila nilisimama huku nasema, "Pasi. Mungu wangu, pasi."

Nilipofika kwa bodaboda, moshi ulikuwa umeshatoka juu ya bati. Watu walikuwa wengi, na nitasema ukweli, walipigana na ule moto. Maji ya Tunduma tunayajua wenyewe. Kila dumu linaloingia mtaani kwetu limesukumwa kwenye mkokoteni na limelipiwa. Majirani zangu walimwaga pale maji ya kupikia, maji ya kufulia, hata mama mmoja alileta ndoo ya maji ya kuoga aliyokuwa amemchemshia mama mkwe wake. Yote yakaisha na moto ukabaki.

Gari la zimamoto lilikuja, nisiseme uongo. Lilifika barabara kubwa likaishia hapo. Lingepita wapi? Uchochoro wetu zamani lori la mchanga lilikuwa linapita. Kisha mmoja akasogeza ukuta, mwingine akaweka kibanda cha chipsi, mwingine akajenga ngazi. Na mimi, fundi, mwanakwaya, nilisogeza kibaraza changu cha kushonea hatua mbili mbele ya mpaka, nikajisifu kwamba sasa wateja wanakaa kivulini. Askari wakashuka, wakauvuta mpira kwa mikono, wanaruka ngazi, wanapinda kwenye kibanda cha chipsi. Wakati maji yanafika kwangu, paa lilikuwa limeshaanguka. Nilitaka kumtukana mtu, nikatazama huku na huku, nikakosa wa kuanza naye.

Vijana walikuwa wamevunja mlango na kuokoa vitu. Nawashukuru, mmoja aliungua nyusi. Lakini jamani! Waliokoa sofa. Waliokoa televisheni iliyokufa siku nyingi, niliyoifunika kitambaa cha kudarizi ili sebule isionekane tupu. Waliokoa sufuria yenye maharage ya jana. Cherehani zangu tatu zikaungua zikiwa zimejipanga dirishani. Vitambaa vya wateja vikaungua, pamoja na vitenge vya mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alivyoleta kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Huyo mama alipokuja na kuona majivu alisema tu, "Bamayo," yaani mama, "pole," akaketi akalia na mimi. Mteja mwingine wa hapahapa mtaani, ambaye kitambaa chake kilikuwa mita mbili tu, alinipigia simu siku ya pili kuuliza nitamlipa lini. Nilikata simu. Kisha nikampigia, nikamwambia nitalipa, maana kuvumilia maneno yake ni gharama kubwa kuliko kitambaa.

Godoro pia waliliokoa, na hapo ndipo moyo wangu unapokwama. Karatasi zangu zote zilikuwa kwenye bahasha ya kaki, chini ya godoro, juu ya chaga za kitanda. Vijana waliinua godoro wakatoka nalo, bahasha ikabaki kwenye chaga. Kuna aliyerekodi, si ndiyo vijana wetu wa siku hizi, mkono mmoja ndoo, mkono mwingine simu. Video ikazunguka kwenye magrupu mpaka ikanifikia mwenyewe mwenye nyumba. Godoro langu linaonekana linatoka mlangoni halina hata doa la moshi. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nalikodolea macho lile godoro nikitegemea labda safari hii bahasha itadondoka.

Binti yangu alishaniambia siku nyingi, "Mama, zipige picha hizo karatasi." Nikamjibu kwamba simu huibiwa, kitanda hakiibiwi. Nilijiona nimesema jambo la busara sana.

Ndani ya bahasha kulikuwa na vyeti, na vyeti unahangaika, unapanga foleni, unapata vingine. Karatasi moja ndiyo ilikuwa haina nyingine. Ilikuwa karatasi ya mauziano ya kiwanja. Kiwanja chetu tuliuziwa na mzee mmoja Mnamwanga ambaye shamba lake lilimezwa na mji. Tulilipa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ikaandikwa mbele, nakala tatu, moja yetu, moja ya mzee, moja ya mwenyekiti wa mtaa wa enzi hizo. Tulipopeleka awamu ya pili mvua ilikuwa kubwa, mzee akatafuta nakala yake asiione, akasema, "Tuandike tu nyuma ya hiyo yenu, mimi na nyinyi si watu wa kufikishana kortini." Ikaandikwa kwamba amepokea zote, hadai kitu, na mzee akachovya dole gumba kwenye wino akaweka alama. Tulikuwa watu wanne tu chumbani: mzee, mke wake, mume wangu na mimi. Mzee alikuwa mwaminifu, mpaka anakufa hajawahi kutudai hata shilingi. Mume wangu naye alimfuata baada ya miaka michache. Mwenyekiti wa wakati ule pia ametangulia, na ofisi yake ilikuwa sebule yake, nyumba ilishauzwa, sijui makaratasi yalienda wapi.

Sasa nifike kwenye kosa la pili, ambalo limenigharimu kuliko la pasi.

Huku kwetu mtu akiunguliwa anakaliwa kama mfiwa. Jirani muuza mkaa alinipa chumba kimoja, na nje ya chumba tukatandika mikeka. Kwa siku nne watu walikuja. Kwaya ilikuja na mchango wa pesa za mabati. Ndugu zangu wa Hasamba waliteremka na gunia la mahindi na maharage. Mafundi wenzangu wa sokoni walinichangia pesa ya kuanzia. Sitawasahau. Ila ukikaliwa hivyo una kazi moja tu, kusimulia. Kila anayefika anavua viatu, anakaa, anavuta pumzi, anauliza, "Ehe, ilikuwaje?" Ukinyamaza utaambiwa una kiburi, au mbaya zaidi, watu waanze kunong'ona kwamba labda moto uliuwasha mwenyewe. Kwa hiyo unasimulia. Unataja kimoja kimoja kilichoungua, wenzako wanaitikia, na kweli, sitaki kudanganya, ndani yake mna nafuu.

Siku ya kwanza nilisimulia kwa kwikwi. Siku ya pili nikaanza kusimulia vizuri. Siku ya tatu nilikuwa bingwa. Nilijua nikitaja cherehani wanawake watashika vichwa, nikitaja vitenge vya harusi watasema "mayo!", nikitaja kigelegele changu watacheka huku wanafuta machozi. Nikawa naongeza. Aliyekuwa amesikia cherehani akija tena na mgeni, nampa na kingine.

Siku hiyo ya tatu alikuja mtoto wa yule mzee aliyetuuzia kiwanja. Mtu mzima, ana familia, ana duka la vipuri vya pikipiki barabarani. Alileta unga wa sembe, akakaa kwa adabu upande wa wanaume, akauliza kama wenzake ilikuwaje. Nikafurahi kumwona. Nikaona huyu si mgeni, huyu ni mtu wa kiwanja hiki, uchungu wangu anaujua. Nikamgeukia kabisa, nikasema kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia, "Hata karatasi ya kiwanja, kaka yangu! Ile yenye dole gumba la marehemu baba yako nyuma yake. Imeungua. Sina kipande, sina nakala, sina picha, sina chochote."

Binti yangu akanifinya mguu. Nikamwambia mbele za watu aache utovu wa adabu.

Yule bwana akatikisa kichwa polepole. "Pole sana, dada," akasema. "Vitu vinatafutwa."

Akala ugali wetu, akanawa, akaaga.

Zilipita kama wiki tatu. Nilikuwa kwenye kiwanja na fundi mwashi tunapima msingi, maana kuta zilikuwa zimepasuka, ni za kubomoa zote. Akaja yule bwana, safari hii bila unga. Akanisalimia vizuri, akauliza hali ya binti, akasifu tofali. Mimi nikadhani amekuja kunichangia, nikaanza kumtafutia pa kukaa. Ndipo aliposema, "Dada, nimeumia sana na yaliyokupata. Ila kuna jambo la marehemu baba, nimeona tuongee kabla hujaanza kujenga."

Akatoa mfukoni ile nakala ya baba yake. Halisi kabisa. Saini ya mume wangu ipo, muhuri wa mwenyekiti upo, awamu ya kwanza imeandikwa, na mstari wa mwisho unasema salio litalipwa baadaye. Akaigeuza. Nyuma nyeupe.

"Salio silioni, dada."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Fundi mwashi aliweka mwiko chini akaenda kusimama mbali. Nilimwambia ulikuwa mtoto wa shule wakati ule, unajua nini wewe? Nilimwambia umekula ugali wangu wa msiba. Hakugombana nami hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa anajibu taratibu, "Sawa dada, lete karatasi yako tulinganishe." Anajua haipo. Nilimwambia mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, nami nilikuwa nawafundisha watoto methali hiyo kanisani!

Alitaka moja kati ya mawili. Nimpe nusu ya kiwanja, ile ya mbele inayotazama barabara, au nimlipe salio kwa bei ya leo. Bei ya leo ya Tunduma, jamani, kila mtu anatafuta fremu ya kupangisha wenye malori. Salio la zamani lilikuwa pesa ya kununua ng'ombe wawili. Kwa bei ya leo lilikuwa mabati yangu yote, na misumari, na mbao, na mchango wa mafundi wenzangu, na bado.

Binti yangu alilia. Mimi sikulia. Nilimwambia, "Tulia. Yupo mama yake. Bibi yule alikuwepo chumbani, alituona kwa macho yake. Na ni mtu wa Mungu." Nililisema hilo kwa kila mtu. Muuza mkaa aliniuliza, "Una uhakika, Fundi?" Nikamwambia nina uhakika kama ninavyojua jina langu. Nilijaribu kwenda kumwona bibi mwenyewe, lakini anaishi kwa huyohuyo mtoto wake, na mara mbili nilizokwenda nikaambiwa amelala. Saa nne asubuhi, amelala.

Nikapanda gari mpaka Vwawa kumwona mwanasheria mmoja niliyeelekezwa. Kijana mstaarabu, alinisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia saa. Akaniambia, "Mama, kesi hii unaweza kuishinda. Umekaa pale miaka mingi na hukuwahi kudaiwa. Ila kesi haiishi mwezi huu wala ujao, na ikishafunguliwa huwezi kujenga mpaka iishe." Nikamuuliza, na mvua? Akatabasamu kwa huruma, akasema mvua hazisubiri kesi. Akashauri tuanzie mtaani, kama kuna shahidi wa kweli jambo litamalizika hapo. Nikarudi na matumaini, maana shahidi nilikuwa naye.

Tuliitwa ofisi ya mtaa siku ya Alhamisi. Mwenyekiti wa sasa ni mtu mpole, anachukia ugomvi, anapenda watu watoke wameshikana mikono. Yule bwana alikaa upande mmoja na mama yake. Bibi alikuwa amevaa koti zito na kitambaa kichwani, ameshika fimbo, anatazama sakafu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikasema moyoni ni uzee.

Nilieleza. Nilieleza mvua, nakala iliyokosekana, wino, dole gumba. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza moto. Mwenyekiti akamgeukia bibi. "Mama, wewe ulikuwepo. Hela ya pili ililetwa?"

Bibi alihamishia fimbo mkono wa pili. Mtoto wake alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu.

"Ya kwanza niliona," akasema, kwa Kiswahili chake cha Kinamwanga, taratibu. "Ya pili... sikumbuki, wanangu. Uzee."

"Mama!" nikasema. "Mama, tazama huku. Ni mimi. Ulinitengea kiti karibu na moto kwa sababu nilikuwa nimelowa. Hukumbuki?"

"Sikumbuki."

Nilisimama. Nilitaka kumwambia bibi wa watu kwamba Mungu anamwona, nikaishia kupiga meza ya mwenyekiti kwa kiganja mpaka muhuri ukaanguka. Mwenyekiti akasema, "Fundi, kaa. Fundi, tafadhali." Nikakaa. Akaanza yale ya amani, ya ujirani, ya kwamba sisi sote wapita njia. Akasema yeye hana mamlaka ya kuhukumu, anashauri tu: mmalizane. Akamshawishi yule bwana apunguze. Akapunguza, kidogo, huku anatikisa kichwa kama mtu anayetoa sadaka.

Nilikwenda nyumbani, yaani kwenye chumba cha muuza mkaa, nikawaza siku mbili. Ningeweza kwenda kortini. Watu wanaopenda haki waliniambia niende, usikubali, Fundi, utakuwa umewafundisha wengine. Lakini wanaopenda haki wanalala kwenye nyumba zao. Mimi nilikuwa nalala na binti wa kidato cha nne kwenye godoro moja kati ya magunia ya mkaa, kila asubuhi anakwenda shule anakohoa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikakubali.

Nikamlipa. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kwaya kumwomba ruhusa, maana ile ilikuwa pesa ya mabati na watu waliitoa kwa bati. Aliinamisha kichwa, akasema, "Fundi, bati bila kiwanja utaliezeka wapi?" Ndugu zangu wa Hasamba sikuwaambia mpaka leo. Wanajua naendelea kujenga. Kaka yangu akipiga simu huuliza tumefika lenta, namwambia bado kidogo. Hata msingi haujaanza.

Karatasi mpya iliandikwa. Safari hii mihuri miwili, mashahidi sita, nakala nne, na binti yangu aliipiga picha mbele, nyuma, na pembeni, huku hanitazami. Nikawa nimenunua kiwanja changu mara ya pili, kwa michango ya watu waliokuja kunipa pole. Yule bwana alinipa mkono. Niliushika, ndiyo, nilishauriwa niushike.

Nilirudi kufanya kazi pale pale, kwenye majivu. Muuza mkaa aliniazima cherehani ya dada yake, nikafunga turubai kwenye vipande viwili vya ukuta vilivyobaki, nikaweka kiti. Ukipita utaniona. Nashona sketi za shule na kuziba nguo zilizochanika, kazi za pesa ndogo, maana vitambaa vikubwa watu wanaogopa kuniachia. Hawasemi, lakini wanauliza, "Unavilaza wapi, Fundi?"

Siku moja, mchana, nikamwona bibi anakuja. Peke yake, na fimbo yake, anatazama nyuma kila hatua chache. Alikuwa na sketi mkononi. Nilimwona tangu mbali na nikaanza kupanga maneno. Nilikuwa nayo mengi, nimeyaweka tangu Alhamisi ile, nilikuwa nayapitia usiku na mchana nikiyanoa.

Alifika, akasimama nje ya turubai. "Mwanangu," akasema, "mpira wa kiuno umelegea."

Sikumwamkia. Katika maisha yangu sijawahi kutomwamkia mzee, ila siku hiyo sikumwamkia. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Hakuondoka.

"Nakumbuka," akasema. "Mumeo alikuwa na koti la kijivu. Alihesabu hela zile mezani kwangu, zilikuwa zimelowa, tukazianika karibu na moto moja moja. Nakumbuka yote."

Nikasimamisha cherehani. "Sasa kwa nini?" nikamuuliza. "Kwa nini, mama? Nilikukosea nini mimi?"

"Hukunikosea."

"Umenifilisi. Unajua kwamba umenifilisi? Nilikuwa na mabati. Mwanangu analala kwenye mkaa. Neno moja tu, mama, ungesema ndiyo, basi!"

"Nalala kwake," akasema bibi. "Nakula kwake. Dawa zangu za presha ananunua yeye. Aliniambia asubuhi ile kabla hatujatoka, akaniambia chagua. Ningesema ndiyo, mwanangu, jioni ile ningelala wapi?"

Hapo hasira ikanipanda yote kwa pamoja, hasira ya pasi, ya godoro, ya mdomo wangu, ya ile nyuma nyeupe ya karatasi. Nikasimama, nikamfokea bibi wa watu mpaka wapita njia wakageuka.

"Ungelala kwangu! Kwani mimi ningekuacha nje? Ungekuja ukalala kwangu!"

Bibi akaitazama turubai. Akatazama vile vipande viwili vya ukuta, na majivu, na tofali zangu zilizoanza kuota majani, taratibu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetafuta mlango.

"Kwako wapi, mwanangu?" akauliza.

Hakuwa ananicheka. Alikuwa anauliza kweli. Nikakaa chini, nikaipokea ile sketi, nikaanza kufumua kiuno.